Kufunga Mwezi

Mtu aliyezaliwa Tukuyu hujifunza kuisikiliza mvua kabla hajajifunza kusoma. Huku kwetu, chini ya Mlima Rungwe, mvua si mgeni wa msimu kama ilivyo Dodoma au Singida. Ni mwenyeji, na jua ndilo linalobisha hodi. Chumvi hulowa ndani ya kopo, godoro hunyonya unyevu, na kiatu kilichosahauliwa chini ya kitanda hukutwa kimeota ukungu. Nayataja haya mapema, ndugu msomaji, kwa sababu kisa ninachotaka kukusimulia kinahusu sabuni ya unga, na sabuni ya unga haijapata kupatana na hewa ya Tukuyu.

Mimi nilikuwa mwakilishi wa mauzo. Kwa lugha ya kawaida, nilikuwa mchuuzi aliyevaa tai. Nilifanya kazi hiyo kwa miaka 4, tangu 1999 hadi 2003, katika kampuni moja ya sabuni ambayo sitaitaja, kwa kuwa sikukusudia kuishitaki. Eneo langu lilianzia Isongole, likapita Kiwira, Tukuyu mjini na Ushirika, likapanda hadi Mwakaleli na kushuka hadi Kyela. Nilikuwa na dereva, gari dogo la mizigo, kitabu cha ankara, na tageti.

Inafaa kwanza nikumbushe tulikotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera na uhaba wa fedha za kigeni, sabuni ilikuwa kitu cha kutafutwa kama dawa. Bidhaa zilitoka kwenye makampuni ya biashara ya mikoa, zikafika katika duka la ushirika la kijiji, na watu wakapanga foleni tangu alfajiri. Mama alikuwa akifulia majani ya mpapai tuliyoletewa na ndugu kutoka Kyela. Mwaka 1983, serikali ilipoanzisha msako wa wahujumu uchumi, mwenye duka aliweza kutiwa ndani kwa ajili ya katoni chache zilizokutwa uvunguni.

Muuzaji wa duka letu la ushirika wakati huo alikuwa rafiki wa baba yangu. Sisi watoto tulimwita Baba Mdogo, na ndivyo nitakavyomwita hapa. Mche wa sabuni ulipofika, aliulaza juu ya meza mbele ya watu wote, akaukata kwa waya mwembamba kama mtu anayekata mkate wa mgonjwa. Kaya yenye mtoto mchanga ilipewa kipande kikubwa kidogo. Kaya yake yeye ilihesabiwa mwisho. Hakuna aliyemwita mwizi, na miaka ile neno hilo lilikuwa jepesi sana midomoni mwa watu. Mdogo wangu alipozaliwa, nguo zake za kwanza zilifuliwa kwa sabuni iliyokatwa na waya ule.

Baadaye mambo yalibadilika. Mwaka 1984 wenye fedha zao nje waliruhusiwa kuingiza bidhaa. Mwaka 1985 akaja Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye wananchi walimwita Mzee Ruksa, na mwaka 1986 nchi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Katika miaka ya 1990 viwanda vya umma vikaanza kuuzwa. Baba Mdogo akafungua duka lake mwenyewe mjini Tukuyu, la jumla na rejareja. Na mimi, mtoto wa foleni, nikaajiriwa kuuza sabuni. Zamani mtu aliikimbilia sabuni. Sasa sabuni ilianza kumkimbilia mtu, na mkimbizaji alikuwa mimi.

Sitaki kusema uongo: mwanzoni niliipenda kazi ile. Tulifundishwa kwa siku 5 katika ukumbi wa hoteli mjini Mbeya. Tulifundishwa namna ya kuingia dukani, kusalimu, kutazama rafu kwa haraka, kutaja faida kabla ya bei, na kutokukubali kukataliwa. Mwalimu wetu alisema kwamba "hapana" ya kwanza ya mteja ni salamu tu, ya pili ni swali, na ya tatu ndiyo ya kuanza kujadiliana. Tulicheka, tukaandika. Nilirudi Tukuyu nikiwa na suruali mbili mpya na imani kubwa. Kwa mara ya kwanza mtu wa Mwakaleli aliweza kununua kipakiti cha sabuni cha bei ndogo jirani na nyumbani kwake, na nilijiona nimeleta jambo jema. Naamini hata leo kwamba lilikuwa jambo jema.

Kila Jumatatu tulikutana Mbeya. Ukutani palikuwa na ubao wenye majina yetu, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na katikati mstari mwekundu. Walio juu ya mstari walipigiwa makofi. Walio chini walisimama mmoja mmoja kueleza, na hapakuwa na maelezo yaliyokubaliwa. Mvua? Hata mwenzako wa Tunduma amenyeshewa. Barabara ya Lwangwa imekatika? Kwa nini hukwenda kabla haijakatika? Msiba wa shangazi? Pole sana, lakini mauzo ya siku hiyo yamekwenda wapi? Mtu mzima, baba wa watoto, alisimama pale akikunja vidole kama mwanafunzi aliyesahau jedwali la kuzidisha.

Tageti yenyewe ilipangwa Dar es Salaam. Ilikuwa na kanuni moja: kila mwezi ongeza sehemu moja ya kumi juu ya mwezi uliopita. Kwa maneno inasikika ndogo. Hebu tuipige hesabu. Mwaka 2001 nilianza Januari kwa katoni 400. Februari zikawa 440, Machi 484, Aprili 532, Mei 586, Juni 644. Ukifika Julai umepita 700, na watu wa Rungwe ni wale wale, na nguo zao ni zile zile.

Isitoshe, fedha za Rungwe zina majira yake, ambayo hakuna aliyeyauliza. Mkulima mdogo wa chai huuza majani mabichi kwa kilo. Mvua zinapokuwa nyingi chai huchipua upesi, magari ya majani hupishana kuelekea kiwandani Katumba, na mwenye robo ekari hununua sukari, sare za shule na sabuni bila kuhesabu sana. Ukifika Juni baridi inashuka, ukungu unakaa mpaka saa nne, na chai, kama tunavyosema, inalala. Mchumaji aliyekuwa akijaza kikapu asubuhi anashinda shambani na kurudi na nusu yake. Fedha za nyumbani hubaki zile za ndizi na maziwa. Kwa hiyo kila mwaka, mkunjo wa tageti ulipokuwa ukipanda, mkunjo wa mifuko ya wateja wangu ulikuwa ukishuka, na mimi nilisimama katikati nikiwa nimeshika kitabu cha ankara.

Basi watu walijifunza mbinu. Wapo walioandika ankara za mizigo isiyotoka godauni, kisha wakazifuta tarehe 2 ya mwezi uliofuata. Tuliyaita mauzo ya karatasi. Mwenzetu mmoja alinunua katoni kwa mshahara wake mwenyewe, akazirundika chumbani alikopanga, akawa analala juu yake. Lakini njia iliyopendwa kuliko zote ilikuwa kumpakia mteja: kumtafuta mwenye duka anayekuamini, kumwachia mzigo mkubwa kwa mali kauli, na kuhesabu kwamba umeuza. Kampuni ilihesabu sabuni iliyotoka kwetu. Haikuhesabu sabuni iliyoingia katika beseni la mtu.

Jumamosi ya tarehe 30 Juni 2001, siku ya kufunga mwezi na kufunga nusu mwaka, nilikuwa na katoni 494. Zilipungua 150. Meneja wetu wa kanda alinipigia simu ya ofisi moja pale Tukuyu ambako tulikuwa tukiombea kupokelea salamu. Hakugomba. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba na yeye anasubiri kupigiwa kutoka Dar es Salaam saa kumi. Hapo ndipo nilipotambua kwamba mtu yule niliyekuwa nikimwogopa naye alikuwa na ubao wake mahali fulani, na mstari wake mwekundu.

Nilikwenda kwa Baba Mdogo. Duka lake lilizoea kuchukua katoni 30 kwa mwezi. Nilimkuta amejifunika blanketi mabegani, akinywa chai. Nilimwamkia, akaniitikia, akaniuliza habari za mama. Baba yangu alikuwa amefariki mwaka 1996, na Baba Mdogo alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Niliketi, nikamwambia nimemletea katoni 150.

"Mwanangu," alisema, "chai imelala."

Hiyo ilikuwa salamu. Nilimweleza habari za siku 30 za kulipa. Akasema stoo yake inavuja upande mmoja. Hilo lilikuwa swali. Nikamwambia tutazipanga upande mkavu. Akanyamaza. Ndipo nikamwambia neno ambalo hakuna aliyenituma niliseme, ingawa mafunzo yote niliyopata yalikuwa yakinisukuma kulitafuta: "Baba Mdogo, bei inapanda Jumatatu. Nimekuja kwako kwanza kwa sababu wewe ni mzazi wangu."

Sikuwa nimesikia habari yoyote ya bei kupanda. Alinitazama kwa muda, akaweka kikombe chini, akaomba kalamu.

Jumatatu nilikuwa juu ya mstari. Nilipigiwa makofi, nikapewa redio na cheti chenye jina langu. Sehemu ya cheti ile iliyoandikwa kwa mkono ilikuwa imekosewa herufi moja, lakini niliitundika hivyo hivyo. Jioni hiyo hiyo nilipewa tageti ya Julai.

Bei haikupanda. Tena yalitokea mabaya zaidi. Agosti kampuni ilitangaza ofa: duka likinunua katoni 10 linapata ya 11 bure. Jirani wa Baba Mdogo, ng'ambo ya barabara, alichukua katoni chache kwa ofa hiyo akashusha bei. Baba Mdogo, aliyejaziwa sabuni ya bei ya zamani, hakuweza kushuka bila kula mtaji wake. Wateja wakavuka barabara. Unyevu ukaingia stoo, karatasi za pakiti zikalegea, na sabuni ya unga ikaanza kushikana. Ukibonyeza pakiti ulisikia kitu kigumu kama jiwe la kusugulia miguu.

Siku 30 zilikwisha, zikaja 60. Kampuni iliweka utaratibu kwamba deni lisilolipwa linakatwa katika kamisheni ya aliyeuza, hivyo waliotumwa kudai walikuwa sisi wenyewe. Nilikwenda mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila mara alinikaribisha chai. Mara ya nne alinipa fedha zote, zikiwa zimefungwa katika gazeti. Nilijua zilikotoka. Nilipopita uani kwenda kunawa mikono niliona zizi liko wazi. Ng'ombe wa maziwa aliyekuwa akilipia ada ya binti yake hakuwapo. Binti yule alikuwa kidato cha pili, na muhula uliobaki aliumalizia nyumbani, akiuza duka.

Niliziandikia risiti. Naikumbuka kalamu ilivyokataa kutoa wino.

Kwa wiki kadhaa nilijiambia yale ambayo kila mtu wa kazi ile hujiambia. Kwamba yeye ni mtu mzima, alisaini mwenyewe. Kwamba biashara ina faida na hasara. Kwamba nisipouza mimi atauza mwingine. Maneno hayo yote yana ukweli ndani yake, na ndiyo maana yanafaa sana kujifichia. Jumapili moja mwezi Novemba, nikitoka kanisani, miguu ilinipeleka dukani kwake. Nilimwambia: "Baba Mdogo, siku ile sikuwa nimesikia kwamba bei inapanda. Nilitunga."

"Nilijua," alisema.

Nilidhani sikumsikia vizuri. Akaendelea kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto hesabu. "Mimi nimekaa na bidhaa tangu wakati wa foleni. Bei ikiwa inapanda, mwenye mali huificha. Hailazimishi kwa mtu siku ya Jumamosi jioni."

Nikamuuliza sasa kwa nini alisaini.

"Kwa sababu aliyekuja ni wewe," alisema. "Nilikuona ulivyokuwa. Nikafikiri, huyu mtoto wamemweka pabaya. Baba yake angekuwepo angemsaidia." Kisha akacheka kidogo, akaelekeza kidole stoo. "Ile sabuni ya zamani ilikuwa kidogo, nikaigawa kwa waya. Hii ni nyingi, na waya sina."

Tangu Jumapili ile mpaka karibu na Krismasi, kila nilipokuwa na nafasi nilikwenda kwake. Tulichukua kinu na mchi, mkewe akaleta chekecheke, na tukaanza kuitwanga sabuni iliyogandamana. Ni kazi mbaya. Vumbi lake huwasha pua na macho, na mtu hupiga chafya mpaka machozi yanamtoka, jambo ambalo lilinifaa kwa sababu nyingine. Tuliyoitwanga tuliifunga katika karatasi, kwa kipimo cha kikombe, na binti yake aliiuza gulioni kwa bei ya hasara. Redio yangu ya zawadi niliiuza. Fedha yake haikufika nusu ya ada, lakini ilimrudisha shule Januari, na iliyobaki tuliichanga.

Sikuacha kazi siku ile. Ningependa kuandika kwamba niliacha, lakini nilikuwa na mke na mtoto mmoja, na nilibaki mwaka mmoja na zaidi. Nilichoacha ni kuwapakia watu. Jina langu likashuka chini ya mstari likazoea kukaa huko, nami nikazoea kusimama na kueleza. Mwaka 2003 niliitwa nikaambiwa mkataba wangu hautaendelezwa. Nilirudi shambani, na leo nina chai kidogo, parachichi kiasi, na duka ambalo halichukui mzigo kwa mali kauli.

Miaka iliyofuata nilisoma kwamba jambo hili halikuanzia kwetu. Mwishoni mwa karne ya 19, John H. Patterson wa kampuni ya National Cash Register, mjini Dayton, Marekani, aliwagawia wauzaji wake maeneo, akawapangia viwango vya mauzo na kuwafundisha maneno ya kusema mbele ya mteja. Ni mbegu iliyozaa sana. Mwaka 2016 benki ya Wells Fargo, ya huko huko Marekani, ilitozwa faini ya dola milioni 185 baada ya kugundulika kwamba wafanyakazi wake, wakikimbizwa na viwango vya mauzo, walikuwa wamefungua akaunti zipatazo milioni 2 ambazo huenda wateja hawakuziidhinisha. Wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wamefukuzwa kazi. Niliposoma habari ile niliona haya, halafu nikaona kitu kama udugu. Nilijua kabisa saa kumi ya jioni ya siku ya mwisho wa mwezi inavyokuwa.

Sisemi kwamba watu wauze bila lengo. Nimeyaona maduka ya umma ya zamani, ambako karani alisoma gazeti mbele ya rafu tupu na kusema "hakuna" bila kuinua macho. Mkulima asiyepima kilo zake atakufa na njaa akidhani ameshiba. Lakini mkulima wa chai anajua pia kwamba mti ukichumwa zaidi ya unavyochipua, unachuma mwaka kesho. Lengo linalopanda bila kutazama mvua wala mfuko wa mtu, mwisho wake huanza kula vitu ambavyo havimo katika ankara. Katika zile katoni 150, sehemu ya bei ililipwa na ng'ombe, sehemu ililipwa na muhula wa binti, na sehemu ililipwa na marehemu baba yangu, ambaye jina lake nililitumia bila kulitaja.

Baba Mdogo naye ametangulia mbele ya haki. Duka sasa linaendeshwa na binti yule, mama mwenye watoto wake. Mara kwa mara vijana huingia pale, wengine wakiuza laini za simu, wengine mikopo ya haraka, na nawaona wanavyoitazama simu kila baada ya dakika chache, kwa sababu siku hizi ubao na mstari mwekundu hukaa mfukoni. Siku za mwisho wa mwezi huwa wamekauka midomo. Yeye huwasikiliza mpaka mwisho, huwaambia hapana mara moja tu, kisha huwamiminia chai. Nyuma yake, juu ya msumari penye vitabu vya hesabu, umetundikwa waya mwembamba wenye vishikio viwili vya mti. Wateja wengi hudhani ni wa kukatia jibini au keki. Mimi nikipita hapo huuangalia, halafu huomba kununua sabuni, hata kama nyumbani ipo.